Mathe Alilala Ndani ya Geti

Saa tatu na dakika tano usiku, na jua bado linachungulia juu ya mapaa. Mimi na mathe tumekaa kwa dirisha ya keja ya mwanafunzi, ghorofa ya tatu, vikombe vya chai mkononi, alafu kengele ya Tom Tower inaanza kugonga. Inagonga, inagonga, haiachi. Mathe anaweka kikombe chini, anaanza kuhesabu na vidole. Akifika arobaini ananicheki.

"Baba, hii saa yao imeharibika?"

Zii, haijaharibika. Hiyo kengele inaitwa Great Tom, iko kwa chuo cha Christ Church hapa Oxford, na kila usiku hugongwa mara 101. Hiyo ndo ilikuwa hesabu ya wanafunzi wa hapo kitambo: mia moja, alafu mmoja akaongezwa karne ya 17. Ilikuwa ishara ya kuwaambia wasee warudi ndani geti zifungwe. Na zile dakika tano si kuchelewa. Oxford iko magharibi ya Greenwich, kwa hivyo ukifuata jua la kwao, saa tatu hufika dakika tano baada ya ile ya London. Treni zilipokuja, nchi nzima ikawekwa kwa saa ya aina moja, lakini Great Tom akabaki na yake.

Mathe alihesabu hadi 101, hakuruka hata moja. Alafu akasema polepole, "Kwa hivyo sasa wamefunga. Na sisi tuko ndani."

Hiyo sentensi ndo imenifanya niandike hii stori.

Wasee wengi huenda Oxford ka vile sisi wa Nairobi huenda Naivasha, kuenda na kurudi. Treni ya kutoka Paddington ni ka lisaa limoja. Unashuka, unapiga picha na Radcliffe Camera, unakula kitu, unanunua jumper imeandikwa jina ya campo, na jioni ushaishia London. Sina ubaya na hao wasee, lakini walichoona ni ukuta. Manze, hii ni tao ya kuta. Campo yenyewe imegawanywa kwa vyuo zaidi ya 30, na kila chuo kiko na ukuta wake, geti yake, nyasi zake zenye hazikanyagwi, na bawabu wake amesimama hapo kwa mlango. Ukipita mchana unaona kibao kidogo kinasema wageni wasiingie leo. Kwa hivyo Oxford, swali la utalala wapi si mambo ya kitanda peke yake. Ni kuchagua utakuwa upande gani wa ukuta giza likiingia.

Na nikisema hoteli, msee wangu wa Eastlands usifikirie ile ya chapo madondo. Naongea mambo ya kulala.

Kwa hayo mambo mimi niko na mwalimu. Mathe wangu ametandika vitanda vya watu miaka 22 kwa hoteli moja ya tao. Akiingia kwa chumba hatazami dirisha kwanza. Anainua kona ya shiti. Anapitisha kidole juu ya fremu ya picha. Anaingia bafu anainama pale vigae hukutana na sakafu, juu hapo ndo msee mvivu hujulikana. Akimaliza hizo raundi ndo anavua viatu. Maisha yake yote alikuwa anaingia vyumba vya hoteli na ndoo, na alipopanda ndege kuenda kuona sistee yangu akichukua digrii, ndo mara ya kwanza aliingia na begi yake.

So nilitaka kumfanyia kitu safi, na usiku wa kwanza nikakosea. Niliona neno Oxford na bei poa, nikabuku hapo hapo. Kumbe hiyo hoteli iko kwa raundabauti ya barabara kubwa inayozunguka jiji, kilomita kadhaa kutoka kwa tao. Tulifika tukiwa tumechoka, begi nne, na dirisha yetu ilikuwa inacheki petroli steshoni na malori. Mathe alifanya raundi zake. Shiti fiti, bafu fiti, vumbi hakuna. Alafu akakaa kwa kitanda akauliza, "Hapa ndipo mtoto wangu amesoma?"

Ule usiku sikulala.

Sisemi hoteli za pembeni ni mbaya. Ka uko na ndai, hizo ndo zitakuokoa, juu kupaki katikati ya Oxford ni gharama na barabara zingine magari hayaruhusiwi kabisa. Jiji limeweka maegesho makubwa matano pembeni, wao huita Park and Ride: unaacha ndai hapo, unadandia basi ya ghorofa hadi tao. Familia iko na watoto, ama msee anataka kuzunguka vijiji vya Cotswolds, atabambika. Lakini cheki ramani kabla ulipe. Neno Oxford kwa jina la hoteli laweza kumaanisha uko mbali na kila kengele.

Kulipokucha sistee akatuambia kitu mimi sikuwa najua. Wanafunzi wa Oxford huwa na mihula mitatu, na kila muhula ni wiki nane. Piga hesabu: wiki 24 kati ya 52. Zile zingine, keja nyingi za wanafunzi huwa ziko wazi, na vyuo vingi huzikodisha kwa mtu yeyote. Si lazima uwe umesoma hapo, si lazima umjue mtu. Unabuku kwa mtandao ka vile unabuku mahali pengine popote, na kwa bei tuliyopata, ilikuwa chini ya hoteli karibu zote tulizoangalia katikati ya tao. Hiyo ilikuwa Julai, muhula umeisha, kwa hivyo tulipata mbili zimepakana, kwa chuo kimoja karibu na Tom Tower.

Acha nikuambie ukweli wa hizo keja usije ukashangaa. Kitanda ni kimoja na ni chembamba. Lifti hakuna, ngazi ni za mawe na zimechimbika katikati, zimeliwa na viatu vya miaka mingi. Yetu bafu ilikuwa ya kushare na watu wawili kwa koridoo. Hakuna TV. Kuna meza kubwa, taa ya kusomea, rafu tupu, na kwa hiyo meza kulikuwa na duara ya kikombe imeingia kwa mbao. Mathe aliigusa na kidole chake cha kukagua vumbi, lakini hakusema ni chafu. Akavuta kiti akakaa hapo, mikono juu ya meza, karibu dakika kumi. Mathe aliacha shule darasa la saba. Sikumsumbua.

Alafu kuna bawabu. Jioni tulirudi kutoka kwa kutembea, tukakuta kundi la watalii pale geti wanaomba waingie hata dakika mbili. Bawabu akawaambia kwa heshima pamefungwa. Alafu akamwona mathe nyuma yao na leso yake mabegani na ufunguo mkononi, akasogea kando, akamfungulia, akamsalimia ka mtu anamjua kitambo. Mathe alipita katikati ya wale watu akiwa amenyooka mgongo ka yuko harusini. Nimewahi ona hoteli ziko na marumaru na maua ya kila siku, lakini hakuna yenye ingempa hiyo kitu.

Na mangware ukishuka kwa dishi unaingia ukumbi wenyewe. Dari ya mbao iko juu sana, meza ndefu za mabenchi, wazee wa kitambo wamechorwa ukutani wanakutazama ukipaka siagi. Ka umecheki filamu za Harry Potter unajua hiyo sura, juu ule ukumbi wa Hogwarts waliutoa mawazo kwa ukumbi wa Christ Church. Dishi ni ile ya Kiingereza: mayai, soseji, maharagwe ya nyanya, uyoga, na kitu cheusi cha mviringo kinaitwa black pudding. Huyo ni ndugu wa mutura. Damu na nafaka, imekatwa vipande, imekaangwa. Ni ya nguruwe, kwa hivyo Waislamu wasiguse. Mathe alionja, akafikiria, akasema imekosa pilipili tu.

Siku yetu ya pili tuliamua kuzunguka tucheki hoteli za tao, kwa sababu mathe alitaka. Si kulala, kuangalia tu kazi inafanywa aje. Old Bank iko High Street na ilikuwa benki kwelikweli kabla igeuzwe hoteli 1999. Eastgate iko mbele kidogo kwa hiyo hiyo barabara. Hapo ndo mwandishi C. S. Lewis alikutana uso kwa uso mara ya kwanza na Joy Davidman mwaka 1952, yule mwanamke wa Marekani mwenye baadaye Lewis alimwoa. Hizi nyumba zimezeeka, kwa hivyo ukibuku uliza lifti kabla uulize mtandao. Keja ya juu kabisa chini ya paa ni tamu kwa macho, lakini ka uko na mzazi wa magoti mabaya, hizo ngazi ni ngori.

Alafu tukafika kwa kasri.

Oxford Castle ilianza kujengwa 1071. Baadaye ikawa jela, na ilibaki jela hadi 1996. Karibu miaka kumi baadaye ikafunguliwa ka hoteli ya Malmaison. Jengo la Victoria limebaki vile lilikuwa: ukumbi mrefu, ngazi za chuma, milango mizito imepangana pande zote ghorofa juu ya ghorofa. Seli tatu zimetobolewa zikawa chumba kimoja, mbili za kulala na moja ya bafu. Wasee wa rika yangu huipenda sana, na naelewa. Picha zinatoka kali, na ni heri jengo litumike kuliko libomolewe. Nilikuwa hata nimefikiria kuwalipia usiku mmoja hapo, iwe saprais.

Mathe alisimama kwa ua akacheki hiyo milango. Guka yangu, babake, alifungiwa kambi ya Manyani wakati wa Emergency ya mkoloni. Alishikwa 1954. Kwetu hiyo stori haisimuliwi kwa meza, inatoka vipande vipande. Mathe alisema tu, "Mlango wa jela haubadiliki ukiwekwa zulia." Tukaishia. Sikumwambia kuhusu hiyo saprais, na simhukumu mtu atalala hapo. Lakini ka kwenu kuna mtu alifungiwa, jua mapema vile moyo utashtuka, usilipe kwanza ndo ufikirie.

Tulitembea hadi Walton Street, dakika chache tu kutoka hapo. Na hapa nataka kila msee wa Nairobi anasoma hii asimame kidogo. Kwa hiyo barabara kuna jengo lilikuwa la Ruskin College, chuo kilianzishwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi hawakupata nafasi ya kusoma. Mwaka 1955 kijana wa miaka 25 alitoka Kenya akaja kusoma hapo. Tom Mboya. Yule yule amesimama Moi Avenue, sanamu yenye sisi hupita kila siku tukikimbilia mathree, karibu na pale alipigwa risasi Julai 5, 1969. Alikaa Oxford mwaka mmoja, na akiwa hapo aliandika kitabu kidogo kuhusu swali la Kenya, kikachapwa 1956 na utangulizi wa Margery Perham, mwalimu mkubwa wa mambo ya koloni hapo Oxford. Ruskin walishahama; siku hizi hapo ni pa Exeter College, na ule ukuta wa mbele wa kitambo wameuacha.

Mathe aliuliza ni dirisha gani lilikuwa lake. Hakuna kibao tuliona cha kutuambia. Lakini alisimama hapo akaunganisha miaka mwenyewe: 1955, babake ako Manyani, na huyu kijana ako hapa anatafuta maneno ya kuwaambia Waingereza waache. "Walikuwa karibu rika moja," akasema. Tulikaa kwa hiyo pavementi hadi mvua ikaanza.

Siku ya digrii yenyewe ilikuwa Jumamosi, ndani ya Sheldonian, jengo la nusu duara lenye Christopher Wren alichora akiwa bado kijana. Wanaongea Kilatini. Huelewi neno, lakini unaelewa kila kitu, juu kuna mahali wanafunzi hutoka nje wakiwa na gauni moja, na kurudi wakiwa na ingine, na watu wote wanapiga makofi. Sistee aliingia na hiyo gauni mpya, na mathe alitoa kigelegele. Kimoja tu. Wazee wa kofia waligeuka, mmoja wao akacheka, na sikusikia mtu amelalamika.

Hapo ndo nikuambie kuhusu tarehe. Jumamosi za digrii, siku za vyuo kufungulia wanafunzi watarajiwa mwisho wa Juni ama mwanzo wa Julai, na ile asubuhi ya Mei mosi kwaya huimba juu ya mnara wa Magdalen saa kumi na mbili, keja huisha kabisa na bei hupanda. Ka mtu wenu anamaliza, buku siku hiyo hiyo amepewa tarehe. Januari na Februari ni baridi na giza la mapema, lakini ndo wakati doh kidogo inaweza kukuweka karibu na High Street.

Baada ya sherehe sistee alitupeleka Randolph kwa chai. Hiyo ndo hoteli kubwa ya Oxford tangu 1866, matofali na madirisha ya kuchongoka, na inatazamana na makumbusho ya Ashmolean, yenye kuingia ni bure. Siku hizi iko chini ya jina la Graduate. Sistee alikuwa amesave kutoka Disemba. Mathe alishika kitambaa cha meza katikati ya vidole viwili, akakisugua, akatingisha kichwa kwa heshima. "Hii imepigwa pasi ikiwa na maji kidogo. Huyu anajua kazi yake." Katika wote walikula scone hapo siku hiyo, sidhani kuna mwingine alimfikiria msee wa pasi.

Mambo madogo ya kubeba, haraka haraka. Chaja yako ya Kenya inaingia kwa ukuta wao moja kwa moja, soketi ni zile zile za miguu mitatu, usinunue kitu. Karibu kila chumba huwa na birika ya umeme na majani ya chai, na majani mengi ya chai wanayokunywa Waingereza hutoka kwetu, so beba tangawizi na masala yako uiseti venye umezoea. Feni usitarajie. Ka unasaka mahali pa bei ya kati, guest house ziko nyingi Iffley Road, na hapo unakaa karibu na Cowley Road, penye duka na dishi ni za watu wa kila pembe ya dunia, unapata ndizi za kupika na pilipili ya maana.

Na Iffley Road iko na kitu ingine. Uwanja wa mbio. Mei 6, 1954, Roger Bannister alikimbia maili moja hapo kwa dakika 3 na sekunde 59.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika nne. Nilienda mangware peke yangu, nikasimama kwa uzio. Nilikuwa nafikiria Faith Kipyegon, Juni 26, 2025 pale Paris, akiisaka hiyo hiyo dakika nne ka mwanamke wa kwanza, akimaliza na 4:06.42. Hakuna mwanamke amewahi kukimbia maili haraka hivyo, hata ka haikuhesabiwa rekodi. Siku moja mwanamke atafika, na mimi naombea awe wa kwetu.

Nje ya tao sikuenda mbali. Nilidandia basi hadi Woodstock, tao ndogo iko kwa mlango wa Blenheim, kasri lenye Churchill alizaliwa 1874. Hapo kuna hoteli inaitwa The Bear, nyumba ya wasafiri tangu karne ya 13, mbao na moto. Ka uko na mpenzi na mnataka kimya, endeni huko. Ka umekuja kwa ajili ya mtu amesoma Oxford, rudi ulale Oxford.

Asubuhi ya kutoka, basi yetu ya airport ilikuwa ya saa nne Gloucester Green. Nilienda kubisha kwa mathe nikapata amevua shiti zote, amezikunja nne, foronya juu, taulo kando. Kila asubuhi alikuwa ametandika kitanda chake kabla msafishaji afike. Oxford humwita msafishaji wa keja *scout*, na yule wa ngazi yetu alikuwa mama wa kutoka Timor ya Mashariki, rika ya mathe, Kiingereza chake kidogo na cha mathe kidogo. Alikuwa amesimama kwa mlango na shiti safi mkononi, anatingisha kichwa, anaonyesha na mkono kwamba mathe aache, ni mgeni.

Mathe akamwambia kwa Kiswahili, "Mgeni siku ya kwanza." Alafu akachukua upande mmoja wa shiti. Yule mama akacheki, akacheka, akashika upande wa pili. Waliitupa juu pamoja, ikajaa hewa, ikashuka sawasawa. Kona ya mathe aliikunja venye hukunja kwetu, ya yule mama ikakunjwa tofauti kidogo, na wote wawili wakainama kutazama ya mwenzake.

Nilikuwa kwa koridoo na begi nne. Dakika zilikuwa zinaenda. Sikuwaharakisha.